Maji Yaliyolala

Wa kwanza kutetemeka alikuwa mshona nguo wa kitanda namba nne. Asubuhi hiyo alikuwa na nafuu, tena nafuu ya kutosha kumwambia muuguzi kwamba sare yake imeshonwa na mtu mwenye hasira. Nusu saa baada ya kuwekewa dripu mpya akasema anasikia baridi. Wakamletea blanketi, akasema bado. Kabla blanketi la pili halijamfika mabegani, meno yakawa yanagongana, na kitanda chake cha chuma kikaanza kugonga ukuta, ko, ko, ko, hata wagonjwa wa wadi ya pili wakauliza nani anapigilia misumari wakati watu wanaumwa. Ilipofika saa nne walikuwa saba, wote wamewekewa dripu za kundi moja. Matroni akaamuru dripu zote zifungwe, akazikusanya chupa kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu saa hiyo hakumwamini mtu.

Habari ilimkuta Bi Maji chumbani kwake, mwisho wa korido. Hospitali nzima walimwita hivyo, na wengi hawakujua jina lingine. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa moja: kusimamia mtambo uliochemsha maji mpaka yakawa mvuke, mvuke ukapoa, ukadondoka tone kwa tone kwenye tangi, safi kuliko maji yoyote ambayo Mungu aliyapa mawingu. Akishapima chumvi na kuitia, aliyajaza kwenye chupa za dripu. Chupa zilikwenda chumba cha pili, kwa Bwana Joto, mzee wa tanuri la mvuke, ambaye ndiye aliyeziosha na kuzikausha kabla, na kuzipika baada ya kujazwa.

Katikati yao palikuwa na ukuta, na ndani ya ukuta lilipita bomba la mvuke kutoka mtamboni kwake. Bwana Joto alikuwa na kijiko cha chuma. Akigonga bomba mara tatu, maana yake tanuri tayari, lete chupa. Bi Maji akijibu kwa kikombe chake cha bati mara mbili, maana yake naja. Akijibu mara moja, bado. Kulikuwa na siku ambazo hakuongea na mtu mwingine yeyote kazini isipokuwa kwa kijiko hicho, na hakuona ubaya, maana kijiko hakikuuliza habari za nyumbani.

"Wanatetemeka kama nini vile," alisema mfagiaji aliyeleta habari, amesimama mlangoni bila kuingia. "Watu wanasema ni maji."

"Maji yangu yamechemshwa mara mbili," Bi Maji alijibu. "Hapa na kwa Bwana Joto."

Mfagiaji akaitikia kwa kichwa, lakini hakuingia. Alipoondoka, Bi Maji aliinua macho kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya tangi tangu siku yake ya kwanza, ya manjano kwa uzee: MAJI YASILALE. YALIYOTOKA LEO YAJAZWE LEO, YAPIKWE LEO. Wafanyakazi walikuwa na utani wao juu ya karatasi ile. Walimwuliza kama anayaimbia maji ili yasisinzie. Sasa aliisoma neno la kwanza hadi la mwisho.

Kwa sababu maji yale yalilala.

Jumanne umeme ulikatika asubuhi ukarudi saa saba. Mtambo ulipomaliza kudondosha ilikuwa saa kumi kasoro kidogo, na kujaza chupa ni kazi ya saa mbili. Nyumbani alikuwa mkwewe, mama wa marehemu mumewe, bibi ambaye kumbukumbu zilikuwa zimemtoka, ambaye hakupaswa kuachwa peke yake hata dakika tano. Wiki iliyotangulia alikuwa amewasha jiko la gesi na kulisahau. Jirani aliyemwangalia mchana alikuwa akifanya usafi maofisini, na saa kumi na nusu lazima atoke, mvua inyeshe jua liwake. Bi Maji aliutazama mlango, akalitazama tangi, akalifunika. Akajiambia lile ambalo kila aliyewahi kushika mwiko angejiambia: kesho yatapikwa, na kilichopikwa hakidhuru. Jumatano saa moja na nusu akajaza chupa, na kwenye daftari, penye tarehe ya maji kutoka mtamboni, akaandika Jumatano. Alhamisi chupa zikaenda wadini.

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake haikufika hata siku mbili.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na kibaraza cha simenti mbele. Kwenye mlango wa chumba cha ndani, msumarini, lilining'inia koti la kijivu la mumewe. Alilitundika mwenyewe jioni moja, asubuhi yake akaenda kazini bila koti, na jukwaa la ujenzi likaanguka naye. Miezi kumi na minne sasa. Bi Maji alifua kila kitu cha nyumba ile isipokuwa koti hilo.

Kila jioni ilikuwa hivyo hivyo. Bibi aliketi kwenye benchi akitazama ndani, mpaka mwanga wa jioni ukaingia chumbani na kulifikia koti. Hapo uso wake ulifunguka.

"Kumbe ameshafika! Koti lake si hili hapa?"

"Bado, mama."

"Bado vipi, na koti liko hapa? Mpakulie mume wako, mwanamke wewe. Anatoka kazini ana njaa."

Kisha alianza kumtafuta. Alitafuta bafuni, nyuma ya pazia, uvunguni. Mikono ilianza kumtetemeka, pumzi ikawa fupi, akalia kwamba wamemficha mwanawe. Mwanzoni Bi Maji alimwambia ukweli. Bibi alipokea msiba upya, akapiga yowe, majirani wakaja, na kesho yake akauliza tena. Tangu hapo Bi Maji alibaki na neno moja tu, bado. Alilisema kila jioni kama dawa inayotolewa kwa saa yake.

*

Ijumaa waliitwa kikaoni, yeye na Bwana Joto. Mezani palikuwa na daktari mkuu, matroni, na karani wa utumishi, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Kwenye sinia palikuwa na jagi la maji na glasi sita, na hakuna mtu aliyeligusa.

"Tuonyesheni mikono," alisema karani.

Wakanyoosha viganja. Bwana Joto alikuwa na miaka sitini kasoro mmoja, na mwaka huo mmoja ndio uliobaki astaafu. Mikono yake ilikuwa na makovu ya mvuke hadi kwenye viwiko. Karani aliikagua kucha moja moja, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Tanuri lako ulilizima mapema?"

"Sijawahi."

"Mafuta ni haba. Labda ulibana matumizi."

"Kijana," alisema Bwana Joto, "mimi nilikuwa napika chupa hapa wewe ukinyonya chupa."

Matroni alificha kicheko, karani hakukificha kinyongo. Daktari mkuu akamgeukia Bi Maji, akalifungua daftari. "Maji yalitoka Jumatano, yakajazwa Jumatano. Ni kweli?"

Aliwaza jiko la gesi, akamwaza bibi akizunguka barabarani na kanga moja, akiuliza wapita njia habari za mwanawe. Akisimamishwa kazi, nani mwingine yupo? Hakukuwa na shangazi wala wifi wala mtoto.

"Ndivyo ilivyoandikwa," alisema.

Bwana Joto akageuza shingo, akamtazama. Bi Maji aliyaona macho yale pembeni, hakuthubutu kukutana nayo. Siku ile ile Bwana Joto aliambiwa arudi nyumbani asubiri majibu ya maabara, na tanuri akapewa msaidizi wa stoo, mtu ambaye hakujua habari za kijiko.

Jumatatu bomba lilikuwa kimya. Mchana, kantini, Bi Maji alipoketi, wanawake wawili wa kufulia walinyanyua vikombe vyao wakahamia meza ya dirishani. "Si wewe, dada," mmoja alimwambia kwa upole, "ni upepo tu." Hakukuwa na upepo. Alikunywa chai yake hadi mwisho, moto moto, ikimbabua koo, ili asionekane anakimbia.

*

Majibu yalikuja siku hiyo hiyo alasiri. Mtaalamu wa maabara, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa na plasta, alisimama mbele yao akiwa na karatasi. Kiti cha Bwana Joto kilikuwa kitupu.

"Kwenye zile chupa hakuna kijidudu hai hata kimoja," alisema. "Nimeotesha siku tatu, hakuna kilichoota."

"Basi maji ni salama?" aliuliza daktari mkuu.

"Hapana. Yamejaa maiti." Alivua miwani, akaifuta. "Kuna vijidudu vinavyopenda maji, hata maji safi kabisa. Ukiviachia muda vinazaliana. Kila kimoja kimejijengea ukuta wa kukizunguka. Ukikipika kinakufa, lakini ukuta unavunjika vipande, na vipande haviondoki. Moto wa tanuri unamuua mwenye nyumba, haubomoi kila tofali."

"Na maiti inamtetemesha mtu mzima vipi?" aliuliza karani. "Kitu si kimekufa?"

"Ndiyo, ila kinga ya mwili haijui kama kimekufa. Haina macho, inapapasa. Askari wa mwili wamezaliwa wanaijua alama ya ukuta ule. Wakiugusa ndani ya damu, hawaulizi mwenyewe yupo au hayupo. Wanapiga mbiu. Homa inapanda, mtu anatetemeka, presha inashuka. Mwili mzima unakwenda vitani, na huko uendako ni nyumba tupu."

"Mbona tunayanywa maji ya kila namna hatutetemeki?" alisema matroni.

"Tumboni kuna mlango na kuna walinzi. Kwenye mshipa umeviingiza moja kwa moja sebuleni."

Bi Maji hakusikia maswali yaliyofuata. Nyumba tupu. Alimwona bibi akiinuka kwenye benchi, uso umefunguka, mikono inaanza kutetemeka.

"Kwa hiyo moto wa tanuri ulitosha," alisema daktari mkuu taratibu, na moyo wa Bi Maji ukaruka kwa furaha. Bwana Joto amepona! Lakini mkubwa alikuwa bado anageuza kurasa za daftari. "Na maji hayakulala, tarehe ni hii. Basi ni chupa. Zilikaa na majimaji ndani kabla ya kujazwa. Chupa anaosha nani?"

"Yeye huyo huyo," alisema karani. "Kama si moto wake, ni chupa zake."

Akaandika. Kalamu yake ilikwaruza karatasi kwa muda mrefu.

*

Jioni hiyo, kabla mwanga haujafika mlangoni, Bi Maji alilishusha koti. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Alilikunja, akalitia ndani ya sanduku, akafunga kifuniko, akatoka kuketi na bibi.

Mwanga ukaingia chumbani, ukapanda mlango, ukaufikia msumari, ukapita. Bibi alitazama. Hakuinuka, hakutetemeka wala kumtafuta mtu. Alikula alichopewa, akafuta midomo, akamtazama Bi Maji kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni.

"Wewe ni wa nyumba hii?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Unaishi na nani?"

Bi Maji aligeuka kuutazama msumari mtupu. Kumbe ugomvi ule wa kila jioni ndio uliokuwa mazungumzo yake. Duniani kote walikuwa wawili tu waliokuwa bado wakimngojea mtu yule, na mmoja wao yeye amemnyamazisha kwa mikono yake mwenyewe. Kimya cha nyumba kikafanana na kile cha bomba kazini. Hapo upweke ulimjia mzima mzima, akalia palepale kwenye benchi bila kujificha, na bibi akampa ncha ya kanga yake afute machozi, kwa huruma aliyokuwa nayo kwa watu asiowajua.

Asubuhi, jirani alipokuja, alimkuta Bi Maji ameshavaa.

"Leo nitawahi kurudi," alimwambia.

"Kuna heri?"

"Hamna. Ila nitawahi."

*

Hakungoja kuitwa. Alimkuta daktari mkuu akifungua ofisi, akamwambia yote akiwa amesimama, ufunguo bado uko mlangoni: umeme, tangi, jirani, tarehe. Alisema haraka, kama mtu anayetapika. Alipomaliza, mkubwa aliketi bila kumkaribisha kiti.

"Ungeniambia Jumanne ile ile, tungemwaga tangi moja la maji. Basi. Tangi moja."

"Najua."

"Yule mshona nguo ana watoto wanne. Presha yake ilishuka hadi tukawa tunamwita jina hasikii."

"Najua, daktari. Nilikwenda kumwona." Alikuwa amekwenda kweli, Jumapili, akasimama miguuni pa kitanda. Mgonjwa alidhani ni mfanyakazi wa usafi, akamwomba amwondolee bakuli. Akaliondoa.

Karani aliletwa, akaandika. Bi Maji asiguse tena chombo chochote. Barua itamfuata. Bwana Joto apigiwe simu arudi kazini leo leo. Karani alimsomea maneno hayo mara mbili, kisha akamwomba aweke sahihi, na alipomaliza akaifuta ile kalamu kwa kitambaa kabla ya kuirudisha mfukoni.

Saa saba mchana alikuwa chumbani mwake akikusanya vitu vyake: kikombe, kandambili, taulo. Mtambo ulikuwa umezimwa. Alikuwa ameshaweka mfuko begani aliposikia bomba.

Ko. Ko. Ko.

Alisimama. Mkono ulijua kazi yake kabla ya akili. Uliokota kikombe cha bati mfukoni, ukainuka. Naja ni mara mbili. Akagonga mara moja.

Kisha mlango ukafunguka, na Bwana Joto akasimama hapo na kijiko chake mkononi, amevaa nguo za nyumbani.

"Shikamoo, baba," alisema Bi Maji.

"Marahaba." Aliutazama mfuko. "Wameniambia getini."

"Nisamehe. Nilikuachia mzigo wangu siku nne."

"Mimi nilijua tangu Jumatano," alisema Bwana Joto.

Bi Maji aliuweka mfuko chini.

"Saa tatu na nusu asubuhi nilipogonga, bomba lilikuwa la baridi. Mtambo haukuwa umewashwa. Na wewe ukaniletea chupa zimejaa." Aliligusa bomba kwa ncha ya kijiko, bila kuligonga. "Tangu uje, miaka kumi na mmoja, nimeshika bomba hili kila siku. Nilijua maji yamelala. Na mimi nikasema moyoni kama wewe: nikiyapika, yataisha makali. Nikayapika nusu saa zaidi."

"Basi mbona kikaoni hukusema?"

"Ningesema mimi, ningekuwa nimekushtaki. Nilitaka useme mwenyewe." Sauti yake ilikwaruza. "Nilingoja Ijumaa. Nikangoja Jumamosi. Mke wangu ananiuliza kama nimeua watu, nami namwambia ngoja. Siku nne, Bi Maji. Hata kunipitia nyumbani kunijulia hali!"

Bwana Joto akageuka, akaenda zake, si kwenye tanuri bali kule ofisini, kusema na yeye aliyoyajua, amekishika kijiko. Bi Maji alimsikia akibisha hodi kwa daktari mkuu. Alisikia hodi ikiitikiwa na mlango ukifungwa, na hakubaki kusikiliza.

*

Alifika nyumbani jua likiwa bado kali. Jirani alishangaa, akachukua mkoba wake, akaondoka mapema akifurahi. Bibi alikuwa kwenye benchi, ametulia, mikono mapajani. Alimwitikia salamu vizuri sana, kama anavyoitikiwa mpita njia.

Bi Maji aliingia ndani, akafungua sanduku. Alilikung'uta koti, akalinyoosha mabega, akalirudisha kwenye msumari. Alijua anachokifanya. Alijua kutakuwa na kutetemeka, na kutafutwa uvunguni, na kilio. Wagonjwa wa wadini walitetemeka bila kuulizwa. Huyu anayetundika koti alikuwa na akili zake timamu, na alikuwa akimtia bibi homa kwa mkono wake. Akajiambia kwamba ni kwa leo tu.

Kisha akatoka, akaketi benchi moja na mkwewe, wakangoja wote wawili. Ilichukua muda mrefu. Mwanga ukaingia chumbani, ukapanda mlango taratibu, ukafika.

Uso wa bibi ukafunguka.

"Kumbe ameshafika!" Alimshika Bi Maji mkono, akaukaza. "Mke wa mwanangu, huoni? Koti lake si hili hapa?"

Bi Maji aliubana ule mkono, ambao ulikuwa umeshaanza kutetemeka.

"Bado, mama," alisema. "Bado."